Barua ya wazi kwa mkandarasi mkuu: tulipeni bila kututaka tupike vipimo vya umeme

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Mkandarasi Mkuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALIPO YA MAFUNDI UMEME SABA NA FOMU YA VIPIMO NISIYOWEZA KUIJAZA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni fundi umeme niliyesomea VETA, nina leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ya daraja la chini, na nimefanya kazi kwenye saiti za ujenzi kwa miaka 14. Kuanzia mwezi Machi mwaka huu niliongoza mafundi na saidia fundi sita katika jengo la ghorofa 9 ambalo kampuni yako inalijenga hapa jijini. Kabla ya barua hii nimeandika nyingine tatu, na ya mwisho ilipokelewa mapokezi ya ofisi yako na nakala yangu ikagongwa muhuri. Nimempigia simu meneja wako wa mradi mpaka akaacha kupokea, na mara mbili nimekaa kwenye benchi la mlinzi kuanzia asubuhi hadi ofisi ilipofungwa. Sikupata jibu la maandishi hata moja, ndiyo maana sasa naandika hadharani.

Jina la kampuni sikulitaja kwa makusudi. Utajitambua kwa maelezo, na sina haja ya kukuharibia kwa wateja wako kabla hujapata nafasi ya kurekebisha. Isitoshe, mafundi wenzangu wanne wa saiti nyingine niliowasomea barua hii kabla ya kuituma, kila mmoja alidhani namwandikia bosi wake.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Malipo

Makubaliano yetu na mkandarasi mdogo aliyetuleta yalikuwa shilingi 7,500 kwa pointi, yaani kila swichi, soketi au taa tunayofunga, nusu ilipwe tukishamaliza mabomba na boksi, na nusu ya pili tukishavuta waya na kufunga swichi, soketi na taa. Pointi tulizihesabu pamoja naye na msimamizi wako wa saiti, ghorofa kwa ghorofa, tukaziandika kwa chaki ukutani na baadaye kwenye daftari, zikafika 1,240, ambazo thamani yake ni shilingi 9,300,000. Nusu ya kwanza, yaani shilingi 4,650,000, tuliipata kwa kuchelewa, lakini tuliipata, na sitailalamikia. Katika nusu ya pili tumepewa shilingi 1,500,000 kwa vipande kupitia simu, vingine vikiwa shilingi 50,000 za kile kilichoitwa nauli. Zimebaki shilingi 3,150,000, na mtu wa mwisho kati yetu alitoka saiti mwezi Agosti.

Mkataba wa maandishi hatukupewa, ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Nilipoomba tuandikishane nilijibiwa kwamba hapa tunaaminiana. Kwa uzoefu wangu, maneno hayo yakitamkwa saiti huwa na maana kwamba fundi amwamini bosi, kwa sababu bosi mwenyewe ana daftari la kila koili ya waya inayotoka stoo, na koili mbili zilipopotea mwezi Mei hakuna aliyezungumzia kuaminiana, tulikatwa.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalijui, nami nililijua nikiwa nimechelewa. Madai ya aina hii yanapopelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi yanatakiwa yafike ndani ya siku 60, na mgogoro wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Aliyepitiwa na muda huo hana budi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu ya kuchelewa. Meneja wako aliposema “subirini mwezi ujao” kwa mara ya pili, siku zetu 60 zilikuwa zimekwisha. Siwezi kuapa kwamba alikusudia hivyo, ila najua kwamba fundi mpole na mvumilivu ndiye anayeumia zaidi na hesabu hiyo.

2. Ajali ya ghorofa ya 4

Siku ya Ijumaa, yapata saa nne asubuhi, saidia fundi wangu mwenye umri wa miaka 22 alikuwa anakaza nyaya kwenye DB (boksi la breka la kugawia umeme) ya ghorofa ya 4. Nilikuwa nimeshuka mwenyewe chini, nikazima kwenye ubao wa umeme wa muda wa saiti, na kwa kuwa sikuwa na kufuli ya kufungia breka, niliandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi la vigae maneno “USIWASHE, MAFUNDI WAKO KAZINI” nikakifunga kwa waya mwembamba kwenye meni swichi. Mafundi wa vigae nao walikuwa na kazi ya kumaliza na mashine yao ya kukatia ilikuwa imezimika. Mmoja wao, ambaye simlaumu kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza lolote, alikifungua kile kipande na kuwasha. Niliposikia kelele nikakimbia chini kuzima, nilikikuta kimewekwa vizuri juu ya mfuko wa saruji, maandishi yakitazama juu.

Kijana alirushwa kutoka kwenye ngazi fupi, akaangukia nyonga, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaungua. Alipona kwa sababu ngazi ilikuwa ya mbao kavu na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika bisibisi yenye mpini wa plastiki, haukuwa umeshika bati la DB. Volti 230 zikipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine hupitia kifuani. Ubao ule wa muda haukuwa na breka ya kukinga mshtuko, ile ambayo ikigundua mkondo wa miliampea 30 tu unapotea kwenda ardhini hukata umeme katika sehemu ndogo ya sekunde. Breka hiyo pamoja na kufuli tatu niliziomba kwa maandishi wiki tatu kabla ya ajali, na orodha ile ninayo, imeandikwa juu yake kwa kalamu ya bluu neno “baadaye”.

Matibabu tulichangishana sisi wenyewe. Kijana alikaa nyumbani wiki tatu bila kulipwa, na kwa kadiri nijuavyo ajali hiyo haikuandikwa popote. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015 kwa ajili ya mambo kama haya, na mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake, hakuna senti inayotoka kwa mfanyakazi. Lakini mfuko hauwezi kumfidia mtu ambaye hakuna anayekubali kwamba alimwajiri.

3. Fomu ya vipimo

Hili ndilo lililonifanya niandike hadharani; kama shida ingekuwa fedha peke yake, pengine ningeendelea kukaa kwenye benchi la mlinzi.

Kwenye kibao cha mradi kilichosimama getini limeandikwa jina la mkandarasi wa umeme pamoja na namba yake ya usajili. Katika miezi sita niliyokuwa pale sikumwona mhandisi wala fundi yeyote wa kampuni hiyo. Aliyetuleta sisi ni mtu mwingine kabisa. Kila fundi wa jiji hili anajua maana yake: muhuri umeazimwa, kazi inafanywa na wengine. Leseni za EWURA zina madaraja kwa sababu maalumu, na ya kwangu hainiruhusu kusimamia jengo la ukubwa ule. Nilikubali kazi nikiamini kwamba mwenye daraja linalotakiwa atakuja kukagua, kupima na kusaini. Hilo ni kosa langu na nalikiri hapa mbele ya watu.

Mwezi Julai mwenye jengo aliamua ghorofa ya 6 na ya 7 zigawanywe upya kuwa ofisi ndogo ndogo. Sisi tulikuwa tumeshavuta waya. Wakaletwa watu wengine usiku kuongeza soketi, na asubuhi tulikuta kuta zimeshapigwa plasta. Wiki moja baadaye nilifungua boksi moja la soketi ghorofa ya 6 kwa sababu kifuniko chake hakikukaa sawa. Ndani nilikuta waya wetu wa milimita za mraba 2.5 umeungwa na waya mwembamba zaidi wa 1.5 kwa kusokotwa na vidole na kuzungushiwa tepu, kisha umeingizwa ukutani bila bomba. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini ikitokea hitilafu, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya boksi, haukufika kwenye soketi. Nilipanda kwenye DB nikakuta saketi hiyo ipo kwenye breka ya ampea 32.

Kwa msomaji asiye fundi naomba nieleze. Breka haimlindi mtu wala kifaa chake kwanza, inalinda waya. Waya wa 1.5 ulioachiwa breka ya ampea 32 utapata moto na kuyeyusha gamba lake huku breka ikiwa bado imetulia, maana kwa breka mkondo ule ni wa kawaida. Mpangaji wa ofisi hiyo ataweka birika la umeme, mashine ya kunakilisha karatasi na feni kwenye ekstensheni moja, kama tufanyavyo sote, na ndani ya ukuta kiungio cha tepu kitaanza kukauka. Pale ambapo ethi imekatwa, bati la mashine yenye hitilafu litakaa na umeme likimngoja wa kuligusa. Nilifungua maboksi matano, na matatu yalikuwa hivyo. Mengine sijui, kwa sababu nilikatazwa kufungua.

Siku nne baada ya hapo niliitwa kwenye kontena la ofisi, nikapewa fomu ya vipimo inayotakiwa kuambatana na maombi ya kuunganishiwa umeme TANESCO. Palikuwa na nafasi za kuandika ukinzani wa gamba la nyaya kwa kila saketi na ukinzani wa ardhi. Niliambiwa nijaze namba, muhuri utapigwa ofisini. Nikaomba mega, kifaa cha kupimia ukinzani wa gamba la nyaya. Haikuwapo. Nikasema nitaazima ya rafiki yangu, mradi ghorofa zizimwe kwa zamu, moja baada ya nyingine, kwa muda wa siku mbili. Nikaambiwa kazi ya vigae haiwezi kusimama, na kwamba mafundi wenye uzoefu wanajua namba za kuandika.

Ni kweli, Ndugu Mkurugenzi, namba za kuandika tunazijua. Fundi yeyote anaweza kukaa kwenye ndoo ya rangi akajaza kurasa mbili za vipimo vinavyopendeza, na nisiwe mnafiki, wapo wanaofanya hivyo. Mimi nilikataa, kwa sababu vipimo vya kweli vya ghorofa ya 6 na ya 7 visingelingana na nitakavyoandika, na mwandiko ungekuwa wangu. Kuanzia siku ile malipo yalikoma. Meneja wako alinitumia ujumbe mfupi wa maneno manne: “Saini kwanza, hela baadaye.” Ninao.

Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, na kabla ya hapo Machi 2013 lilipoporomoka lile la Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36, nchi nzima ilizungumzia zege, nondo na vibali. Ilikuwa sawa kuzungumzia hayo. Umeme mbovu wenyewe hauangushi jengo kwa siku moja. Huanza na soketi yenye harufu ya plastiki, mtu akabandika karatasi ya “mbovu”, maisha yakaendelea, na moto ukitokea baada ya miaka mitatu taarifa husema chanzo ni hitilafu ya umeme, kana kwamba hitilafu hiyo ilijileta yenyewe.

4. Hifadhi ya jamii

Hili halina maelezo mengi. Kati yetu saba hakuna aliyewekewa mchango wa NSSF hata wa mwezi mmoja. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi hatakiwi kukatwa zaidi ya nusu yake. Sisi hatukukatwa wala hatukuchangiwa.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu mengine nimeshapewa getini.

Litasemwa kwamba sisi si watu wako, ni wa mkandarasi mdogo. Lakini geti lilifunguliwa na mlinzi wako saa moja na nusu, majina yetu yako kwenye daftari lako, na msimamizi wako ndiye aliyetutoa ghorofa ya 3 kutupeleka ya 7 na kutuamuru tufanye kazi Jumapili mbili. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitike vinginevyo, hata likiwapo jambo moja tu kati ya yaliyoorodheshwa, likiwamo la namna au saa za kazi yake kuwa chini ya amri ya mwingine. Kwangu mimi niliyepatana kwa pointi, wanasheria wako wanaweza kuwa na hoja, na sitabishana nao hapa. Kwa wale sita waliokuwa wakipokea maagizo ya msimamizi wako kila siku, sioni hoja hiyo itasimama wapi. Nao wananidai mimi. Wawili nimeshawalipa kwa kuuza drili yangu ya kutobolea zege, na sasa kila nikipata kazi naazima.

Litasemwa kwamba mwenye jengo hajatoa fedha. Muuza saruji hakuambiwa hivyo, wala mtu wa madirisha ya alumini. Sisi hatukupatana na mwenye jengo na hatujui analipa lini. Fundi wa siku hana mahali pa kukopea hadi hati ya malipo ipitishwe.

Litasemwa kwamba vifaa kinga vilitolewa. Kofia ngumu zilitolewa siku mwenye jengo alipokuja na wageni wake, zikakusanywa jioni ileile. Hata tungeachiwa, kofia haizuii mtu kuwasha meni swichi.

Na pengine litasemwa kwamba nimekataa kusaini kwa hasira ya kutolipwa. Tarehe zilizo kwenye ujumbe wa simu zinaonyesha kwamba nilikataa kwanza, malipo yakakoma baadaye.

Tunachokuomba ni haya. Kwanza, shilingi 3,150,000 zilipwe ndani ya siku 14 kwa orodha ya watu saba niliyoiambatanisha kwenye barua yangu ya tatu, kila mtu kwa simu yake, bila kupitia kwangu wala kwa mkandarasi mdogo, na bila kuhusishwa na saini yoyote. Pili, mkandarasi wa umeme aliyeandikwa kwenye kibao aje mwenyewe apime kila saketi, akianzia ghorofa ya 6 na ya 7, na viungio vilivyofukiwa ukutani vifukuliwe kabla ya kuomba umeme. Niko tayari kuonyesha nilipoviona, bila malipo. Tatu, gharama za matibabu za yule kijana, ambazo risiti zake zina jumla ya shilingi 186,000, zirudishwe, na ajali iandikwe na kuripotiwa kama inavyotakiwa. Nne, ubao wa muda uwekewe breka ya kukinga mshtuko na kufuli, maana mafundi wa mabomba ya maji na wa rangi bado wamo ndani, na wengi wao wanafanya kazi kwenye sakafu yenye maji.

Siku 14 zikipita, tutapeleka madai ya malipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi pamoja na ombi la kuongezewa muda, na suala la ajali na la nyaya tutalipeleka kwa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) na EWURA pamoja na picha za maboksi matatu. Ningependa isifike huko. Kazi ya kuwazungukia watu ofisini ni siku za kazi zinazopotea, na sisi tunakula tulichofanya siku hiyo.

Liko jambo moja lisilohusu malipo. Kwenye slabu za ghorofa ya 3 hadi ya 5 tulilazimika kuhamisha njia za mabomba ya waya kila usiku wa kumwaga zege, kwa sababu mabomba ya maji taka yalipita palepale tulipopangiwa. Mchoro ulioko ofisini kwako haukurekebishwa, na atakayetoboa sakafu hizo kwa kuufuata anaweza kuingiza drili kwenye waya wenye umeme. Mchoro sahihi nimeuchora mwenyewe kwa kalamu nyekundu juu ya nakala ya ule wa zamani. Sitaki kuushika kama rehani ya deni. Nitauacha getini Jumatatu asubuhi. Mlinzi wa zamu amekubali kuupokea na kunisainia kwenye daftari la wageni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi umeme, kwa niaba ya mafundi saba.

Nakala: Mwenye jengo; Mhandisi mshauri wa umeme wa mradi; Mafundi wenzangu sita.